Dalali wa Saltley aliyekubali bei ya kwanza

Saa nne na dakika tano asubuhi, Jumamosi ya mvua, Mumbua Kioko anamchapa mteja wake kofi la mkono.

"Usiguse!" anamnong'oneza. "Nilikwambia nini kwenye basi? Ukishika tu, imekula kwetu."

Mteja huyo, Bi Rosalie, anaurudisha mkono mfukoni haraka kama mtoto aliyefumaniwa kwenye kopo la sukari. Mbele yake kinaning'inia kitambaa cha buluu chenye nyuzi za fedha, na macho yake hayabanduki hapo. Mwezi Agosti binti yake, Sagesse, anaolewa. Akina mama kumi na wawili wa upande wa bibi harusi wanatakiwa kuvaa sare. Hizo ni yadi sitini, na Rosalie ameshaamua kwamba ni yadi sitini za hiki hapa.

"Lakini hii njo yenyewe," analalamika kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Tangu juzi mi naiota."

"Endelea kuiota, lakini mikono kaa nayo mfukoni. Na huo uso, jameni! Ukunje kidogo. Unaonekana kama umeshalipa."

Rosalie anakunja uso mpaka anaonekana kama mtu anayeumwa jino. Mumbua anaridhika. Wawili hao wanakipita kitambaa kana kwamba hawakukiona, wanakwenda kumsalimia muuza tende.

Hapa ni Saltley, Birmingham, nyuma kidogo ya Barabara ya Alum Rock, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha vitasa vya milango. Reli za winchi bado zimo darini, na siku hizi zimetundikwa taa na mazulia ya kuuza. Wayemeni, Wairaki na Wasyria waliokodi jengo hili wamelipanga kama masoko ya kwao: udi na ubani upande mmoja, tende na viungo upande wa pili, vitambaa katikati, na kahawa kila mahali. Watu wanaliita Suki.

Ukitafuta kibandiko cha bei humu ndani utazunguka mpaka jioni. Bei iko kichwani mwa muuzaji, na inategemea amelalaje, wewe ni nani, na umekuja na nani. Ukija na Mumbua, muuzaji anashusha pumzi kabla hujafungua mdomo.

Mumbua ana miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Kitui, mfupi, mwepesi wa kucheka. Kazi yake ya Jumamosi haina jina rasmi katika nchi hii, kwa hiyo tumpe la Kiswahili: ni dalali wa wanunuzi. Wauguzi wa Kikenya wanaotaka mazulia, akina mama wa makanisa ya Wakongo wanaotaka vitambaa vya harusi, wanafunzi wanaotaka udi wa kumlainisha mama mkwe, wote wanampigia simu. Anatembea nao, anaongea Kiarabu kwa niaba yao, anashusha bei. Malipo yake ni pauni ishirini na tano kwa mzunguko. Bei isiposhuka, hachukui hata senti.

"Imenitokea mara mbili tu," anasema. "Ya kwanza, mteja alitajiwa bei akasema kwa sauti, 'Waa, rahisi hivyo!' Mbele ya muuzaji! Nilitamani ardhi inimeze."

Mwandishi wa makala haya aliona ajipime mwenyewe kwanza. Alikwenda kwa Mwiraki mmoja mwenye tabasamu zuri, akaulizia dele la kahawa la shaba, akaambiwa pauni arobaini. Akapambana kiume, akalipata kwa thelathini na mbili, akalileta kwa maringo. Mumbua alilipindua, akalitazama kitako, akaguna.

"Kumi na nne," akasema. "Na angekupa na vikombe."

Mumbua hakuzaliwa na ujanja huu. Aliupata Muscat, alikokwenda kufanya kazi za ndani akiwa na miaka ishirini na sita. Aliondoka Kitui akiogopa hadithi alizozisikia, na anakiri kwamba wenzake wengine yaliwakuta. Yeye bahati ilimwangukia. Mwajiri wake alikuwa Bibi Zuwena, mjane Mwomani aliyezaliwa Unguja, mwenye Kiswahili kilichomshinda Mumbua mara kumi. Bibi huyo alikwenda soko la Mutrah mara tatu kwa wiki, hata siku ambazo nyumbani hapakukosekana kitu.

"Nilikuwa nabeba kikapu kinakwenda kitupu, kinarudi kitupu," Mumbua anakumbuka. "Nikawa najiuliza, kwani huyu mama yuko sawa? Tunakaa saa mbili kwa muuza bangili, tunakunywa kahawa, tunaulizana habari za wajukuu wote mpaka walio Salala, halafu tunaondoka bila bangili!"

Mwaka wa tatu Bibi Zuwena aliugua, akamtuma peke yake kununua shali ya Idi. Mumbua akaibana bei, akaibana tena, mpaka muuzaji akamtupia shali na kumwambia chukua uende zako. Alirudi nyumbani akicheka, chenji mkononi.

"Bibi hata hakuitazama shali. Aliniuliza, 'Alikupa kahawa?' Nikasema hapana. Akaniambia, 'Basi hukununua mwanangu, umepora. Rudi.' Na jua lile la Muscat, nikarudi! Nikamwongezea yule mzee riali moja, nikakaa, nikanywa kahawa yake. Tangu siku hiyo alikuwa akiniona tu ananipungia mkono, mpaka nikaondoka."

Kwa hiyo kwake kubishana bei si vita. Unaanza na salamu, na ziwe salamu za kweli: wazazi, watoto, afya. Unatazama kwanza kile usichokitaka. Bei ya kwanza huikubali kamwe, maana muuzaji ameitaja ili mazungumzo yaanze, na ukiikubali umemfungia mlango usoni. Hutaji kiasi ambacho huko tayari kukilipa. Na mkishakubaliana, imekwisha, harudi mtu nyuma.

Sheria hizo amewafundisha wanawake wasiopungua mia mbili wa mji huu. Alhamisi iliyopita alizivunja mwenyewe, karibu zote, ndani ya dakika moja. Ndiyo maana asubuhi hii, pamoja na mizaha yake yote, hajalala vizuri.

Ili uelewe, lazima kwanza uujue mgongo wake. Mumbua alikuja Birmingham miaka kumi na moja iliyopita kumfuata mumewe, Shem, ambaye ni muuguzi Bordesley Green. Yeye akaingia kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kuanzia Winson Green hadi huku Saltley: kuinua, kugeuza, kuogesha, kuvalisha, kwa pauni kumi na mbili na ushee kwa saa.

"Nawapenda wazee wangu," anasema. "Mgongo ndio umekataa."

Februari mwaka huu daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kuinua watu, atakuja kuinuliwa yeye. Kampuni ikambakishia kazi za kupeleka dawa na kuwasha jiko. Saa zake zikashuka kutoka thelathini na nane hadi kumi na nne kwa wiki. Udalali nao ni wa msimu. Harusi zikiisha Septemba, simu inanyamaza mpaka karibu na Krismasi.

Ndipo aliposikia habari za kibanda namba tisa.

Kibanda hicho ni cha Hajati Asmahan, mama wa Aden mwenye miaka sitini na minane, muuza vitambaa mkubwa kuliko wote hapa Suki. Ana vibanda viwili vilivyopakana, na magoti yake hayawezi tena kuvihudumia vyote. Anataka kukikodisha kile kidogo. Mumbua anakitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu afike nchi hii. Angeuza sare za harusi. Nani anaoa, nani anaolewa, katika kanisa gani na mwezi gani, anajua kabla hata mchungaji hajatangaza.

Tatizo ni moja. Katika Suki nzima, hakuna muuzaji aliyebanwa bei na Mumbua kama Hajati Asmahan. Miaka sita, karibu kila Jumamosi.

"Nilidhani hatanipa kwa sababu nimemla sana," Mumbua anasema. "Kumbe Alhamisi akaniita. Akaniwekea kiti. Akanimiminia chai ya maziwa. Akaniambia, namba tisa, mia nne kwa mwezi. Na mimi nikasema sawa."

Anajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nikasema sawa! Mimi! Chai sijaionja, hali sijamjulia, nilisikia tu 'namba tisa' moyo ukaruka. Sawa, sawa, asante Hajati, Mungu akubariki. Yaani kubishania kitu cha mtu mwingine ni rahisi. Cha kwako mwenyewe, roho inatangulia mbele ya mdomo."

Hajati Asmahan aliichukua ile glasi ya chai ikiwa imejaa, akairudisha kwenye sinia. Ijumaa ukaja ujumbe wa maneno matatu kwenye simu: kibanda hakipo tena.

Na leo, kati ya vitambaa vyote vya Birmingham, Rosalie amependa cha nani? Cha Hajati Asmahan.

Wanazunguka nusu saa nzima, kwa muuza tende, kwa muuza mazulia, kwa fundi saa, mpaka hakuna tena pa kuzunguka. Mumbua anavuta pumzi, anakiendea kibanda chenye kile kitambaa cha buluu, anasalimia kwa Kiarabu. Hajati Asmahan yupo kwenye kiti chake, fimbo mapajani, anatazama simu. Anaitikia salamu kwa neno moja. Mumbua anauliza yadi ya buluu ni kiasi gani.

"Tisa," anasema Hajati, macho yapo kwenye simu.

"Hajati wangu, kwa yadi sitini? Tufanye tano."

"Tisa."

Mumbua anavuta kigoda akae. Hajati anamwambia kigoda kina mwenyewe.

"Tangu lini wewe una bei moja?" Mumbua anauliza, akijaribu kucheka.

"Tangu Alhamisi," anajibu mama wa Aden. "Si siku hizi unakubali bei ya kwanza? Ikubali na hii."

Jirani muuza ubani anajificha nyuma ya chetezo acheke vizuri. Mumbua ananinong'onezea tafsiri ya maneno hayo, anacheka naye, lakini kicheko kinamfia njiani na macho yanamlenga machozi.

Rosalie hajui Kiarabu. Macho anayo. "Juu ya nini uso yako iko hivyo?" anauliza. Mumbua anamsimulia yote pale pale kwa Kiswahili: mgongo, namba tisa, mia nne, glasi ya chai. Rosalie anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anavua koti lake, analikunja, ananikabidhi.

"Bon," anasema. "Leo mi njo dalali yako."

"Mama Sagesse, wacha. Wewe hata kukunja uso hujui."

"Kununua sijui. Lakini mi niliuza sambaza kwenye soko ya Kadutu miaka kumi na moja, na hakuna siku nilirudi na samaki nyumbani. Kuuza najua. Na leo nauza weye. Kazi yako ni kutafsiri tu. Usiongeze, usipunguze."

Basi yakaanza mapatano ambayo Suki haijayaona. Rosalie anaongea Kiswahili cha Bukavu, Hajati Asmahan anajibu Kiarabu cha Aden, na katikati amesimama Mumbua, analazimika kujinadi mwenyewe kwa kinywa chake.

"Mwambie: huyu mama iko na wateja kwenye makanisa kumi na tatu."

Mumbua anatafsiri, macho chini.

"Mwambie: ni mwaminifu. Hata ukimwachia nyumba yako na dhahabu yako, unarudi unazikuta."

"Aki Mama Sagesse, siwezi kujisifu hivyo."

"Tafsiri!"

Anatafsiri. Hajati Asmahan anaweka simu chini kwa mara ya kwanza.

"Mwambie najua," anasema. "Ndiyo maana nashangaa. Mtu aliyenibana bei ya pini kwa miaka sita, ananiambia sawa kwa mia nne bila hata kupepesa? Ama pesa si zake, ama hana nia ya kulipa, ama siku hizi ananidharau."

Mumbua anayatafsiri maneno hayo sauti ikishuka, kisha anasahau kazi yake. "Hapana Hajati, wallahi sikuwa na..."

"Nani amekuambia uongee?" Rosalie anamkatiza. Anaingia ndani ya namba tisa, anapitisha kidole kwenye rafu, anakitazama kidole kwa huzuni kubwa. Anatikisa ukuta. Anatoka.

"Iko na baridi. Rafu iko na vumbi ya miaka. Na iko karibu ya choo."

"Choo ndicho kinacholeta watu," anajibu Hajati. "Humu ndani kila mtu ana kibofu. Wote watapita mbele yake."

"Mia mbili."

Hajati Asmahan anashika kifua. "Mia mbili! Mwambie kwa mia mbili hata paka simlazi humo. Mia tatu themanini, kwa heshima ya makanisa yake."

"Mia mbili ishirini, kwa heshima ya magoti yako."

Watu wameanza kusogea. Muuza tende ameacha wateja wake. Mwiraki wa madele naye amefika, na tabasamu lake. Kigoda kilichokuwa na mwenyewe sasa hakina, maana Hajati amekisukuma kwa fimbo kuelekea kwa Rosalie, na chai imeletwa, glasi mbili. Ya Mumbua haimo. Uso wa mama wa Aden umechangamka, mashavu yamepata rangi, na ukimwona utasema amepunguza miaka kumi.

Mia tatu na sitini. Mia mbili arobaini na tano. Rosalie anakumbusha kwamba mwezi Januari hakuna anayeolewa. Hajati anakumbusha kwamba yeye ni mjane. Rosalie anasema yeye pia ni mjane. Wanatazamana kidogo, wanapeana pole kupitia kwa Mumbua, kisha wanaendelea.

Wanakwama kwenye mia tatu na hamsini dhidi ya mia mbili themanini. Rosalie anamaliza chai yake, anasimama, anachukua koti mikononi mwangu.

"Twende," anamwambia Mumbua.

Miguu ya Mumbua haisogei. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanawake mia mbili kuondoka kwa madaha, na leo ameganda pale pale.

"Mama Sagesse, nikitoka hapa naweza nisirudi tena."

"Twende!"

Wanaondoka. Kwa desturi ya humu, muuzaji mwenye nia anakuita kabla hujapita kibanda cha tatu. Wanapita cha kwanza. Wanapita cha pili. Wanapita cha tatu, na nyuma yao hakuna anayesema neno. Wanafika mlangoni, mvua inapiga lami, na Mumbua anaanza kulia waziwazi.

"Umeniharibia," anasema. "Ningemwomba tu msamaha, ningelipa hizo mia nne, ningejua pa kuzitoa. Sasa mgongo huu nitaupeleka wapi, eti? Nimwambie nini Shem?"

Rosalie ameushika mkono wa mwenzake kwa nguvu, na ukimtazama vizuri utaona yeye mwenyewe anaogopa. "Ngoja," anasema. "Ngoja kidogo." Hata mwandishi wa makala haya alikuwa ameanza kutafuta maneno ya kumpa pole.

Ndipo ikasikika fimbo.

Hajati Asmahan, ambaye majirani wanasema hajatembea kupita pale chooni kwa miezi minne, anakuja katikati ya Suki hatua kwa hatua, anahema, anashika kila meza anayoipita, na wauzaji wanampisha njia.

"Mnataka kuniua?" anafoka kwa Kiarabu. "Mnanitembeza mimi? Na magoti haya?"

Na Mumbua, machozi bado yapo shavuni, anamkimbilia, anamshika kiwiko. "Magoti yanaendeleaje, Hajati?"

Mama wa Aden anasimama.

"Sasa umeniuliza," anasema. "Alhamisi hukuniuliza. Jumatano alikuja kijana wa makava ya simu, akakubali mia nne na hamsini, pesa mkononi. Hakunisalimu. Hakuuliza kitambaa kinatoka wapi. Alisema sawa, kama mtu anayenunua tiketi. Nikamfukuza, nikakuita wewe. Mezani kwangu miaka sita, tumegombana, tumecheka, mume wangu alipokufa ulikuja ukakaa. Nawe ukanifanyia yale yale ya yule kijana. Unajua nililia?"

Maneno hayo Mumbua atanitafsiria baadaye; kwa sasa anashindwa. Anamkumbatia Hajati pale mlangoni, na Rosalie, ambaye hajaelewa neno hata moja, naye analia kwa sababu wote wanalia.

Wa kwanza kupangusa macho ni Hajati.

"Mia tatu na kumi," anasema.

Mumbua anafungua mdomo. Neno "sawa" liko pale kwenye ulimi, kila mtu analiona. Rosalie anamkanyaga mguu.

"Mia mbili na tisini," anasema Mumbua, kwa Kiarabu, bila dalali.

Hajati Asmahan anacheka kicheko cha kutoka tumboni, mpaka inabidi aegemee mlango. "Ahaa! Huyu ndiye ninayemjua. Mia tatu, na usiniongeleshe tena."

Wanashikana mikono. Mwiraki anapiga makofi. Kwa sheria zote za Muscat na za Aden, mambo yamekwisha.

"Na matabishi?" anauliza Rosalie.

Kwa wasiojua, sokoni kwao Rosalie bei ikishakubaliwa ndipo mnunuzi anapodai cha juu: konzi moja zaidi ya sambaza, nyanya mbili, chochote. Bila hicho, biashara haijafungwa.

"Hiyo siitafsiri," Mumbua anasema haraka. "Hapa tukishakubaliana ni basi. Ni aibu."

"Anasema nini?" Hajati anataka kujua.

"Hakuna kitu, Hajati."

"Nimekuuliza, anasema nini?"

Mumbua anatafsiri kwa aibu, kama mtu anayeripoti wizi. Hajati anafikiri. Kisha anasema mama yake alikuwa hatoki kwa muuza samaki wa Aden bila kuongezewa dagaa, na kwamba tangu aje Uingereza hakuna mtu aliyewahi kumdai nyongeza. Anaitoa meza yake ya zamani ya kukatia vitambaa na mkasi mkubwa ambao hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuugusa. Na wiki mbili za kwanza, bure.

"Voila," anasema Rosalie.

Kitambaa cha buluu kilikwenda kwa pauni sita yadi, kwa dakika mbili, maana koo zilikuwa zimechoka. Mumbua alikataa pauni zake ishirini na tano. Rosalie akakataa kukataliwa. Walibishana hilo mpaka kituo cha basi, na hadi naondoka sijui nani alishinda.

Mumbua anafungua namba tisa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Saa zake kumi na nne za wazee hataziacha kwa sasa. Shem ameahidi kupaka rafu rangi siku asizokuwa zamu. Akiba yake ya pauni elfu moja na mia nane yote inakwenda kwenye vitambaa, na Hajati atamwonesha mabohari ya jumla anayonunua yeye. Udalali anauacha, kwani huwezi kukaa pande zote mbili za meza.

Nilimuuliza kama hana hofu. Wateja wake watakuwa wale wale wanawake mia mbili, na kila mmoja anajua kukunja uso, kuficha mikono na kuondoka kwa madaha.

"Hofu ninayo, kwani mimi ni jiwe?" akasema, akicheka. "Mama Sagesse ameshaniambia atakuja siku ya kwanza, na atanibana mpaka nilie. Lakini unajua ninachokingoja? Miaka ishirini na tatu, Muscat mpaka hapa, mimi nimekuwa nikisimama upande ule, nasema vitu vya watu ni ghali. Nataka mtu asimame mbele yangu, akitazame kitambaa changu, aniambie, 'Mama, hiyo bei yako ni wizi.' Hapo ndipo nitajua duka ni langu."